Picha ya Furaha ya Wastani

Wananchi wote walitangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba picha kubwa iliyotundikwa mapokezi sasa ina maana. Kamati ya Tafsiri ilikuwa imekaa vikao sita kuitafuta. Mraba mweusi ni uimara wa taasisi. Mstari mwekundu ni kasi ya huduma. Kile kidoa cha njano pembeni ni mwananchi aliyeridhika. Na kila apitaye mbele yake atahisi furaha ya wastani, isiyofikia kicheko.

Mapokezi palikuwa na dada mmoja aliyetazamana na picha hiyo masaa manane kwa siku. Kwa miaka kumi na moja alikuwa kwenye mkataba wa muda. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, ikingoja saini. Mkurugenzi huyo alikuwa mtu wa watu, ndiyo maana watu hawakumwona.

Basi babu mmoja, aliyefuatilia hati ya kiwanja mpaka soli zikamwishia, akauliza, "Binti, hii picha ya nini?"

"Ya furaha, babu."

"Furaha gani? Mie naona mtu kafungiwa mlango."

Dada akaitazama upya. Kweli, mlango. Na yule wa njano kasimama nje, mdogo, peke yake. Machozi yakamtoka hadharani, tena saa za kazi.

Kesho yake akaitwa mbele ya Kamati kwa kosa la huzuni bila kibali. Mwenyekiti, ambaye ndiye Mkurugenzi, akamsogezea fomu.

"Saini kwamba ulihisi furaha, yaishe. Ukikataa, mkataba wako unaishia leo."

Dada alikuwa na watoto wawili shuleni. Akaishika kalamu, akairudisha mezani.

"Bosi, nitasainije nisichokihisi? Kama ni kufukuzwa, nifukuzeni."

Akaitwa mchoraji atoe ushahidi. Alikuwa mama mkavu, asiyejua kubembeleza mtu.

"Maana mimi sina," akasema. "Kaa mbele yake uitafute."

"Kwa muda gani?"

"Huyu amekaa muda gani?"

Dada alikuwa amekaa miezi minane, tangu picha itundikwe. Na kwa mujibu wa kanuni aliyoitunga Mkurugenzi mwenyewe, mwenye uzoefu mdogo hawezi kutengua tafsiri ya mwenye uzoefu mkubwa. Naye Mkurugenzi, aliyeingia ofisini kila siku kwa mlango wa nyuma, hakuwa na uzoefu wa hata dakika moja. Wajumbe wakaazimia akae mapokezi miezi minane, na hakuna mkono uliochelewa kupanda.

Jumatatu akaketi. Mwananchi wa kwanza akamwinamia.

"Samahani mzee, Mkurugenzi yupo?"

"Mimi ndiye."

"Acha utani. Mkurugenzi huwa hayupo."

Akaapa, akatoa kitambulisho. Lo, alijipalia makaa! Foleni nzima ikamzingira, na pale hapakuwa na mlango wa kujifungia. Akasaini hati ya babu. Akasaini barua ya dada, iliyofuatwa ofisini kwake na kupanguswa vumbi. Akasaini mpaka vidole vikakakamaa.

Siku ya tatu akainua macho, akaitazama picha. Midomo ikaanza kumcheza.

"Dada," akanong'ona, "ninachokihisi si furaha. Nataka kurudi ofisini kwangu."

"Andika ombi, bosi. Lipitie kwa Mkurugenzi."

"Mkurugenzi si ndiye mimi?"

"Basi subiri arudi," dada akamwambia kwa upole, akamwita anayefuata.