Baba Yumo Katikati ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Jambo limejipa. Dada yangu, fundi wa maabara ya chuo, kaniambia wana mashine ya kuchora picha ndogo kuliko upana wa unywele. Wanaiita nanoteknolojia. Jumamosi chuo kina maonyesho ya sayansi na sanaa. Jirani yangu wa karakana, Brashi Pana, mchora mabango kama mimi, amekubaliwa kupeleka picha kubwa kama ukuta. Sawa. Yangu itakuwa ndogo kuliko zote. Tuone nani atatajwa.

Nimechora uso wa marehemu baba kwa kumbukumbu. Picha zake zote zililowa bomba lilipopasuka, na mama hajauona uso huo miaka tisa. Dada kambembeleza profesa wake aruhusiwe kutumia mashine. Karuhusiwa.

Jumatano, 5 Machi

Dada kaleta kikasha. Ndani, kipande cha kioo, ukubwa wa kifungo cha shati. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema yumo katikati, tena wa buluu. Sioni kitu. Nikauliza wametumia rangi gani. Hakuna rangi, kasema. Ni vijituta vidogo mno, mwanga ukivigonga unarudi wa buluu. Miaka ishirini napaka rangi, leo naambiwa kuna buluu isiyopakwa. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hakikuelewa.

Kaniusia nisikiguse kwa vidole, akaondoka.

Nikakumbuka sijatia sahihi. Nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote. Herufi ya kwanza ikafunika kioo kizima. Nikafuta kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi. Nikasugua kwa ukucha. Sasa kinang'aa vizuri. Sijui kama baba bado yumo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa macho, nikamwomba anitazamie kama kuna mzee ndani ya kioo. Akanikalisha nisome herufi za ukutani. Nimerudi na dawa ya matone.

Njiani Brashi Pana kaniuliza nimebeba nini kiganjani. Nikasema ni baba. Akanipa pole.

Ijumaa, 7 Machi

Akili imenijia. Nimekata kioo cha akiba, ukubwa uleule. Kama baba amefutika, heri nipeleke kisafi kuliko kilichochakaa. Nikaviosha vyote viwili, nikavianika mezani. Mke wangu kaja kupanga sahani, akavisogeza. Nikamuuliza kasogeza kipi. Kasema vyote.

Nimevitazama mpaka machozi yakanitoka. Huenda ni yale matone. Nitapeleka cha kulia. Cha kushoto kitakaa mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umejaa. Mama kakaa mbele, kavaa nguo yake ya harusi za watu. Profesa akaweka kioo chini ya hadubini, picha ikatokea kwenye skrini. Mistari mitupu, kama shamba lililolimwa. Alama ya dole gumba langu.

Brashi Pana akapiga makofi peke yake. Nadhani alidhani ndiyo picha. Dada alinitazama, nikaanza kusoma maandishi ya mlango wa dharura.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, huyu si baba yako."

Nikatoa cha mfukoni. Profesa akabadilisha. Kwenye skrini ikaja buluu ambayo sijawahi kuipata kwenye kopo lolote. Mdomo haupo, pua nusu. Lakini jicho moja lilikuwa zima, na nyusi juu yake.

Mama akaomba asogezewe kiti. Akatazama muda mrefu, wala hakuna aliyemharakisha. Akasema ndivyo baba alivyokuwa akimtazama yeye akichelewa kurudi kutoka sokoni. Halafu akafuta macho kwa kanga.

Profesa akauliza nani kaisugua. Nikasema labda vumbi. Akasema vumbi halina kucha. Dada kazuiwa kugusa mashine mwezi mzima, kwa sababu yangu. Nilijisikia vibaya kweli. Jina langu halikutajwa. La Brashi Pana lilitajwa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Dada hapokei simu. Mama kaniachia kioo nikitunze mpaka apate fremu. Kasisitiza nisikifanye chochote.

Nimekaa nacho tangu asubuhi, nikifikiri kosa lilikuwa wapi. Nimeligundua. Kile kioo kilikuwa uchi, hakina kinga yoyote. Picha yoyote ya maana hupigwa vanishi. Nimefungua kopo. Nitapaka tabaka moja tu, jepesi, katikati.