Vifuniko Vinne, Magurudumu Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa babu! Binti yetu amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na robo. Jumamosi tunakwenda kumwona, kilomita mia mbili na kumi, na tunakwenda na Kasri. Kasri ni gari letu la kulala: kitanda, jiko, sinki, vyote kazi ya mikono yangu. Zamani lilikuwa gari la kusambaza mikate. Siku za joto bado linanukia hamira.

Mke wangu hataki. Hajasahau pancha ya mwaka jana, saa nne kando ya barabara, yeye amekalia ndoo iliyogeuzwa. Amesema hapandi Kasri mpaka matairi yenyewe yaseme yanapoishiwa upepo. La sivyo anapanda pikapu ya kaka yake. Alidhani amenikomoa. Hajui kwamba kifaa cha namna hiyo kipo madukani.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vipuri. Kumbe viko vya aina mbili. Vingine hukaa ndani ya tairi, vingine ni vifuniko unavyokaza kwenye valvu, pale pa kujazia upepo. Vyote huleta habari kwenye skrini mbele ya dereva. Nikachagua vifuniko. Mtu wa vitendo hataki kufungua tairi.

Muuzaji aliuliza gari lina matairi mangapi. Sita: mbele mawili, nyuma mawili mawili kila upande. Akanishauri seti ya sita. Skrini yake kama kiberiti. Pembeni kulikuwa na seti ya vinne yenye skrini pana, ya rangi, picha ya gari inazunguka. Nikachukua hiyo. Nilimweleza kwamba tairi la ndani limeegemea mwenzake, kwa hiyo likiugua, jirani atasema. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani hapati wateja wengi wanaofikiri.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amekuja kuchungulia. Ni dereva mstaafu wa malori na haamini skrini. Yeye hupima matairi kwa kipande cha nondo: anagonga, anasikiliza, anaendelea. Hainami. Mgongo wake hauruhusu tangu alipostaafu. Akahesabu vifuniko, akahesabu magurudumu, akauliza mawili mengine ni yatima? Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akajipapasa upara, akaenda kumsimulia dada yake.

Nikawasha. Kelele! Matairi mawili yanapungua. Nikamwita fundi wa matairi, akapaka maji ya sabuni kwenye valvu, mapovu yakachemka. Amesema valvu za Kasri ni za mpira, zimezeeka, na vifuniko ni vizito, vinazipinda. Zinatakiwa za chuma, na magurudumu lazima yafunguliwe. Ana foleni mpaka Jumatatu.

Jumatatu! Mtoto hangoji. Nimevua vifuniko, nimejaza upepo, nimemwambia mke wangu majaribio yamekamilika. Amesema Ijumaa atahakikisha kwa macho yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Shemeji anamwagiwa zege langoni kwake, kwa hiyo pikapu italala uani kwetu mpaka Jumamosi. Isitoshe, mke wangu amempangia kutufuata nyuma njia nzima, kwa usalama. Nilikasirika. Mimi nisindikizwe kama mwari? Kisha nikatazama magurudumu ya pikapu.

Manne. Valvu za chuma, zinang'aa.

Wenzangu walipoingia ndani kunywa chai, nikakaza vifuniko. Vimekaa kana kwamba vilizaliwa pale. Nikawasha skrini ndani ya Kasri: kijani, kijani, kijani, kijani. Wala sijadanganya mtu. Kifaa kinasoma matairi, na matairi yapo uani. Sikusema ni ya nani.

Ijumaa, 7 Machi

Ukaguzi. Mke wangu alikaa kiti cha mbele, miwani puani. Akauliza kwa nini skrini inasema thelathini na tano wakati ubavuni mwa tairi pameandikwa sitini. Nikamjibu hizo ni namba za kimataifa. Akakubali. Kisha akataka nipunguze upepo kwenye tairi moja, aone kama kifaa kitasema.

Jasho. Lakini mimi sibabaiki. Nikamwachia skrini, nikazunguka nyuma ya Kasri, nikachuchumaa kwenye pikapu, nikalegeza kifuniko cha nyuma kushoto. Upepo ukafoka, kifaa kikapiga kelele, mke wangu akaruka kitini. Nikasikia nondo ya shemeji inakuja, nikakirudisha haraka haraka. Sina hakika kama kilikaza sawasawa. Kitakaza chenyewe njiani.

Mke wangu alicheka. Tangu ile ndoo sikumsikia akicheka ndani ya Kasri. Akamtengea mjukuu nafasi kabatini, akaweka shali la manjano alilofuma kwa miezi mitatu. Akasema kesho tutakaa mbele wawili, kama zamani. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Shemeji aliyagonga matairi yake manne, wima kama mlingoti, hakuona kitu. Jambo moja sikulipima: shemeji akibaki nyuma sana, skrini inaonyesha vistari tu. Nikapunguza mwendo. Akikaribia, kijani. Akibaki, vistari. Nikaenda polepole mpaka baiskeli ikatupita. Mke wangu akasema uzee umenitia busara. Shemeji akapiga simu kuuliza kama Kasri linaumwa.

Kilomita ya tisini na mbili, kelele. Nyuma kushoto, ishirini na mbili. Ishirini. Kumi na nane.

Mimi nilijua ni la nani. Nikisimama, nimeumbuka. Nisiposimama, shemeji anaendesha juu ya tairi linalokufa. Nikasema huenda ni vumbi. Mke wangu akasema simama. Nataka iandikwe hapa kwamba mguu wangu ulishafika kwenye breki kabla hajasema.

Akashuka, akapiga teke tairi letu. Gumu kama jiwe. Shemeji akasimama nyuma yetu, akagonga lake kwa nondo. Halikulia. Basi mtu yule ambaye hainami akainama, taratibu, mkono kiunoni, akaona kifuniko kimekaa upande. Akazunguka magurudumu mengine. Akarudi ananitazama.

Mke wangu ndiye aliyesema: njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Tulishakwenda kilomita tisini na mbili.

Wakabadilisha tairi. Shali la manjano likatoka kabatini, likahamia pikapu, na mke wangu nyuma yake. Shemeji alikuwa na haraka, hakuvua vifuniko. Nikawafuata, nikiangalia skrini: kijani tatu, na nyekundu moja ya lile tairi lililolazwa nyuma ya pikapu. Walipokata kona vikawa vistari. Nikabaki na vistari na harufu ya hamira.

Kilomita ya mia na thelathini, Kasri likainamia kulia. Tairi la ndani. Jirani yake hakusema chochote. Nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikakaa.

Jumapili, 9 Machi

Nilifika jana jioni. Mtoto alishalala. Picha ya kwanza ya familia ilishapigwa: bibi, wazazi, na shemeji katikati amempakata mjukuu wangu. Mimi simo. Imeniuma kweli.

Leo asubuhi binti yangu amenipa mtoto. Kichwa chake kinaenea kiganjani. Mke wangu akaja kukaa karibu. Nilipomweleza habari ya valvu, aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema kuwa fundi alisema Jumatatu. Angengoja, akasema. Tungekuja Jumanne, wawili, polepole. Alichotaka si kifaa. Alitaka nimwambie ukweli asije tena kukalia ndoo.

Nikamshika mkono, nikamwahidi nimejifunza. Akakubali turudi pamoja kesho, mradi fundi wa hapa aweke kwanza valvu za chuma. Shemeji naye amenirudishia vifuniko vyangu, amevifunga kwenye leso.

Na kweli nimejifunza. Nimetafakari jambo hili kwa kina na kosa nimeliona: kifuniko hakikukazwa vizuri. Basi.

Nimepita kwa fundi wa hapa. Foleni mpaka Jumatano. Mke wangu ameshafunga mizigo, ana furaha, ameshamwomba mkwe wetu atufuate na gari lake mpaka nyumbani. Sikutaka kumvunja moyo. Nimetoka uani kulitazama gari la mkwe. Magurudumu manne, valvu za chuma. Na kijana hana nondo.

Safari hii nimekaza kwa koleo.