Mshua Boti

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi katangaza. Kati ya boti mbili za doria tunazowaundia walinzi wa pwani, moja imekwisha. Namba moja itashuliwa majini Ijumaa, mbele ya wageni. Kabari ya mwisho inayoizuia isiteleze itagongwa na fundi wa namba moja. Yaani Cheche, mchomeleaji! Mwanyumba wangu huyo, tumeoa dada na dada. Mimi ni mpaka rangi wa namba mbili, na namba mbili haiendi popote.

Balaa: mama mkwe anakuja. Balaa zaidi: nilishamwambia kwa simu kuwa mshua boti ni mimi. Ulimi hauna mfupa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Boti hizi ni mapacha, kijivu kwa kijivu, ukiondoa namba puani. Na namba anapaka nani? Wenzangu walipokwenda kula, nikapanda na kopo langu. Moja ikawa mbili, mbili ikawa moja. Sasa fundi wa namba moja ni nani? Msimamizi kapita chini mara mbili, kainamia makaratasi yake. Hakuona kitu. Cheche akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia nimekumbuka jambo.

Jumatano, 5 Machi
Hakuna aliyeniambia kuhusu wakaguzi! Wamekuja watatu, wote miwani. Moja kwa moja hadi namba moja. Wakatoka wamekunja nyuso. Boti haina usukani, wakasema. Haina injini hata moja. Chumba cha injini wamekuta godoro na mto. (Godoro ni langu.) Wakaandika uzinduzi uahirishwe hadi mwezi ujao.

Msimamizi akakaa juu ya pipa, mikono kichwani. Miezi kumi na minne ya jasho! Cheche akalia, analia kweli, anapangusa macho kwa glovu. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema yote.

Msimamizi, polepole sana: "Wewe, una akili timamu?"

Nikajibu ninazo. Hapo ndipo alipokasirika.

Wakaguzi wakapelekwa kwenye boti yenyewe, wakaipitisha. Mmoja alicheka hadi akavua miwani. Adhabu yangu: nirudishe namba, na Ijumaa nikae viti vya nyuma kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kafika. Amewatangazia hata majirani. Mke wangu, ambaye dada yake kamsimulia kila kitu, kasema tu nimwambie mama mwenyewe. Nikamwambia mama kwamba kazi ile ni ya hatari, huenda wakanibadilisha dakika ya mwisho kwa usalama wangu. Akaniombea dua ndefu. Nikajisikia mdogo kama sisimizi. Dakika tatu hivi.

Namba nimezirudisha. Ila chini ya moja, mbili bado inaonekana. Kama bata kameza fimbo.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni walitarajiwa saa nne. Saa tatu nikaona nimfute yule bata. Fundi ana heshima yake. Nikakaa kwenye ubao unaoning'inia kwa kamba puani mwa boti. Mgeni rasmi akafika mapema! Nikajibana upande wasikoniona, nikiomba hotuba iwe ndefu. Ikawa fupi. Nikasikia nyundo ya Cheche: ko!

Boti ikaondoka. Nami nikaondoka nayo, kamba mkono huu, brashi mkono ule, nikichora mstari mweupe ubavuni bila kutaka. Maji yakanifika kiunoni. Umati ukainuka kutazama. Kisha sauti moja, kutoka mbele kabisa:

"Mkwe wangu yule! Si niliwaambia? Anaishusha mwenyewe!"

Makofi! Nikapunga brashi. Cheche akaja na mtumbwi kunitoa. Akaniambia, "Mwanyumba, ungeniomba tu, tungegonga wote." Meno yalikuwa yanagongana.

Jumamosi, 8 Machi
Msimamizi kasema nisikanyage karakana wiki mbili. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nikitoka nikaona tangazo mlangoni: Jumatatu boti inakwenda majaribio baharini siku tatu, anatakiwa mpishi. Baharini si karakana. Nimeandika jina langu. Kupika sijui, lakini kwenye mawimbi yale nani atakuwa na hamu ya kula?