Picha Niliyoivuta Juu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimeamua: Duke atakuja Desemba. Yeye mwenyewe hajui bado.

Mwanangu wa pekee, mwaka wa tatu sasa yuko Doha, analinda lango la hoteli ambayo hajawahi kulala ndani yake. Hupiga simu kila Jumapili, dakika tano. Anauliza kama nimekula. Nasema nimekula. Dakika zimeisha.

Jana Mongina, mke wa shemeji yangu, alituma picha ya nyumba yake mpya kwa grupu ya familia. Imetoka safi mpaka misumari ya mabati inahesabika. Duke akaweka mioyo mitatu. Mitatu! Mimi niliyemzaa sijapata hata mmoja.

Mpango: nipige picha mbele ya nyumba yetu, majani chai nyuma yangu yamechipuka baada ya mvua. Akiiona, nyumbani kutamvuta.

Hakuna wa kunipiga. Nimeegemeza simu kwa mkebe wa maziwa, nikaiwekea sekunde kumi, nikakimbia. Mara ya kwanza ikashika mgongo. Ya sita ikanipata nimesimama, gauni la bluu, natabasamu. Picha nzuri ajabu. Nikaituma. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

Jioni nimesonga ugali. Wa watu wawili tena. Mume wangu Nyakundi ana miaka minne kaburini na mkono wangu bado haujapata habari.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda saiba, duka la intaneti, pale sokoni Chepilat. Anayeisimamia ni msichana mmoja mpole, Chepchirchir. Akaniambia picha yangu ni kubwa mno, upana wake pikseli elfu nne, na mtandao wa huku hauwezi mzigo huo. Akaniwekea programu ya kupunguza, akanifundisha. Kwanza nifanye nakala, ile ya asili nisiiguse. Upana niandike 1600. Kuna kikufuli kidogo kando ya vipimo, nikiache kimefungwa, ili upana na urefu vipungue pamoja. Ubora asilimia themanini. Halafu niitume kama dokumenti, grupu isiifinye tena njiani.

Nikasema nimeelewa. Akauliza kama anifanyie. Nikakataa. Sitaki soko lote lijue mipango yangu.

Nyumbani nikajiuliza, nakala ya nini? Picha ni moja, mimi ni mmoja. Nikaandika 160. Sifuri moja ilibaki kidoleni. Nikahifadhi juu ya ileile. Picha ikawa kama stempu. Basi nikairudisha, nikaandika 4000. Ukubwa ulirudi. Uso haukurudi. Nimekuwa vigae.

Nikaituma hivyohivyo, pengine macho ya vijana yana nguvu. Christabel, binti wa Mongina, akauliza kama ni kitambaa cha meza. Mongina akasema hapana, ni sakafu ya terazo. Duke aliiona saa kumi na dakika tano. Hakuweka hata moyo mmoja.

Jumatano, 10 Septemba

Nimerudi kwa Chepchirchir. Anasema picha ikishapunguzwa, kilichotupwa kimetupwa, kuikuza hakukirudishi. Ni kama majani yaliyosagwa kiwandani, hayarudi kwa mche. Sasa hilo angelisema jana.

Picha nyingine. Nimekimbia mara tisa, goti linalalamika. Safari hii nilifanya kila kitu. Nakala. 1600. Themanini. Ikatoka safi, hata kifungo cha gauni kinaonekana.

Hapo ndipo nilipoona nyumba yangu ni fupi. Ukiiweka kando ya ile ya Mongina, ni banda la kuku. Na kikufuli kilikuwa palepale, kinaniangalia. Nikakifungua. Nikavuta urefu. Nyumba ikainuka! Madirisha yakawa ya kanisa. Nikavuta tena kidogo, kwa ajili ya Mongina.

Niliangalia nyumba tu. Nikaituma kama dokumenti, na ubora wake wote.

Alhamisi, 11 Septemba

Duke amepiga simu. Siku ya Alhamisi! Nilikuwa shambani nachuma, nusura nimwage kikapu.

Hakusalimia vizuri. Aliuliza nimekuwa mgonjwa tangu lini. Nikafungua ile picha upya. Shingo ya korongo. Mikono kama fito. Uso mrefu wa mtu aliyelazwa wodini miezi mitatu.

"Mama, usinifiche," alisema. "Umeisha."

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya kikufuli. Naapa nilifungua. Lakini tayari tulikuwa dakika ya ishirini. Alikuwa ameuliza kama mgongo unauma, kama nalala, nani ananichotea maji. Tangu Nyakundi afe hakuna aliyeniuliza nani ananichotea maji.

Nikakohoa. Kikohozi kidogo tu.

Akasema ataomba ruhusa ya dharura.

Ijumaa, 12 Septemba

Amepewa! Atatua Jumatatu. Leo amepiga simu mara tatu. Nimeanika godoro lake, nimefagia chumba, nimechagua jogoo.

Nimeamua kufunga ili nifanane na picha. Asubuhi sikula. Mchana nilionja viazi vitamu viwili, na vile vitatu vilivyokuwa chini yake. Jioni nimesonga ugali wa watu wawili, na nimeimba nikisonga. Mazoezi ya Jumatatu.

Nimejipima kwa kioo. Sijaisha hata kidogo. Nitasema dawa zimeanza kufanya kazi.

Jumapili, 14 Septemba

Ilikuwa siku ya akina mama kanisani. Mgonjwa mwenye akili angebaki nyumbani. Lakini walipika mboga za managu kwa maziwa, na kuku.

Mongina alinipiga picha bila kuniambia. Nimeshika paja la kuku, mashavu yamejaa, nacheka. Na huyo hawezi kukosea vipimo. Kikufuli kimefungwa, kila kitu safi, mafuta kidevuni yanang'aa. Akaituma kwa grupu na kuandika kwamba Mama Duke anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu.

Simu ililia saa kumi na moja. Duke aliniuliza wazi, nami nikamwambia yote, mpango wa Desemba, nyumba fupi, kikufuli, mpaka kikohozi. Hakupaza sauti. Alisema meneja wake alitaka barua ya hospitali, na baada ya kuona picha ya kuku hawezi kusimama mbele ya mtu na kuapa. Ruhusa amerudisha. Meneja anamwangalia vibaya sasa. Nafasi nyingine ni Agosti mwakani.

"Mama, ungeniambia tu umenikumbuka," alisema. "Ningepanga, ningekuja hiyo Desemba."

Nikasema nimesikia. Nilisikia magari ya huko kwao yakipita. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ushahidi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua tangu saa saba. Ndege ingekuwa imeshatua. Nimerudisha godoro ndani, na jogoo amepona.

Nimefikiria maneno ya Duke siku nzima. Ningeandika tu kwamba nimemkumbuka. Nikajaribu, nikaandika: Nimekukumbuka. Neno moja, limekaa peke yake kwa kioo cha simu, halina hata nguo. Nikalifuta. Mama hawezi kumtumia mtoto kitu kama hicho.

Makosa yote ni ya Mongina. Na kidogo ni yangu, kwa kuvuta upande usiofaa. Kukonda kumezoeleka. Kila mtu hukonda, kisha anapigwa picha na kuku.

Kwa hiyo nilijifunika gunia nikashuka sokoni. Nimemuuliza Chepchirchir kama kikufuli kikifunguliwa picha inaweza kuvutwa kwa upana pia, miguu ivimbe, uso uwe wa duara kabisa. Akasema inaweza, lakini akataka kujua ni ya nini. Nikamwambia ni ya kalenda.

Duke ni mtoto mwerevu. Mama akinenepa hivyo kwa wiki moja, atajua ni presha.