Mazutu ya Mama Scholastique

Fabrice alikuwa amesimama mtaani Mudzipela, mguu mmoja juu ya kisanduku cha msafisha viatu, alipoliona beseni.

Lilikuwa beseni la plastiki la kunawia mikono, nalo lilikuwa limewekwa chini ya lori la pua ndefu mbele ya depo ya maharagwe ng'ambo ya barabara. Tone lilianguka. Fabrice akangoja. Tone la pili likaanguka. Watu wengi wa Bunia wangepita hapo na kusema tu kwamba gari la watu linavuja. Fabrice aliliona lori zima likimdondokea mfukoni.

Inafaa tumfahamu mtu huyu kabla hajafungua mdomo, maana akishaanza kusema hatutapata nafasi. Mjini walimwita Diyagnostiki, mpima magonjwa ya magari. Zamani alikuwa fundi wa dizeli, tena fundi wa kweli, wa kulala chini ya gari na kutoka na jibu. Kisha akagundua kwamba gari linalokufa lina faida kuliko gari linalopona. Tangu hapo mikono yake ikawa safi na shati lake likawa jeupe. Alimkatisha mwenye gari tamaa, akalinunua gari kwa bei ya vyuma, akakikaza kile alichokilegeza mwenyewe, akaliuza kama jipya. Hakujiona mwizi. Alijiona mtu anayeyasaidia magari kubadilisha familia.

Akavuka barabara na kiatu kimoja king'aavu na kingine cha vumbi.

Mwenye lori alikuwa mjane, Mama Scholastique, ameketi juu ya gunia akichambua maharagwe. Kando yake alisimama dereva wake, Étienne, mtu mwembamba asiyependa kupoteza maneno.

"Jambo, mama," alisema Fabrice. "Hii gari yako iko nalia."

"Iko nalia tangu Pasaka," alijibu Mama Scholastique bila kuinua macho. "Mafundi wane walishapita. Kila mutu anakaza bolti, anakula chakula, anaenda. Kisha tunasikia tena harufu ya mazutu."

"Hawakuiuliza vizuri, mama. Gari inaulizwa kwa upole. Unaniruhusu?"

Étienne akafungua boneti. Kwa fahari kidogo akasema kwamba moteri yenyewe haina shida, haili oili kabisa, na tangu Pasaka hajaongeza hata kopo moja. Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyosema wiki hiyo, na Fabrice hakuyasikia. Alikuwa anatandika leso nyeupe juu ya injini, polepole, kama padri anayeandaa altare. Ndani ya leso mlikuwa na kifunguo kidogo cha bolti. Juu ya injini, kwenye bomba linalorudisha mafuta tangini, kulikuwa na bolti mbili. Alizilegeza kidogo tu, robo ya mzunguko kila moja, huku akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Muwashe."

Étienne akawasha. Mazutu, dizeli yenyewe, ikachuruzika ubavuni mwa injini kama jasho la mtu mwenye homa. Mama Scholastique akasimama.

"Unaona, mama," alisema Fabrice. "Hawa wane walikuficha. Si bolti, si mipira. Ni moteri imepasuka ndani. Kama ingekuwa mutu, tungesema kansa."

"Haiponi?"

"Mama, mimi ni mukristo. Sitakudanganya."

Hapo msimulizi anaomba radhi kwa niaba yake.

Mama Scholastique akaweka kiganja juu ya kizuia-matope cha lori. "Hii njo ilitutoa Fataki wakati wa vita," alisema. "Watu makumi ine, na mbuzi, na ngoma za kwaya. Siku ile haikuzimika hata mara moja."

Fabrice akainamisha kichwa kwa muda unaofaa. Halafu akaeleza kwamba ana huruma, kwamba huruma ndiyo inayomharibia biashara, na kwamba yuko tayari kumwondolea mzigo huo kwa bei ya vyuma, leo hii, ili asiendelee kuutazama ukifa mbele ya mlango wake.

Mama Scholastique alimgeukia. Alimtazama usoni, akamtazama mikono, akatazama leso.

"Leo siuzi," alisema mwishoni. "Nikikuuzia mugonjwa, akufe nawe njiani, watu wa kanisa watasema nini? Uichukue mwezi moja. Faida ni yako, matengenezo ni yako. Ikikupendeza, unakuja, tunapatana. Lakini andika kwanza vile umeniambia, kusudi kesho mutu asiseme nilificha ugonjwa."

Fabrice nusura acheke. Mwezi mzima wa lori bure, kisha bei ya vyuma. Aliandika kwa Kifaransa cha kupendeza kwamba injini haiwezi kupona, kwamba matengenezo yote ni juu yake bila madai, akaweka sahihi ndefu yenye mikunjo mitatu. Étienne akawa shahidi. Mama Scholastique akaikunja karatasi na kuitia ndani ya kitambaa cha kiunoni.

Fabrice hakufika mbali. Kona ya pili alisimama, akazikaza bolti zake mbili, akafuta injini kwa leso, na akampigia simu Ézéchiel, mfanyabiashara wa Komanda aliyekuwa akitafuta lori tangu msimu uliopita. "Papa, nimekupatia kitu," alisema. "Kikavu kama unga."

Kesho yake alishuka Komanda. Alipopita Marabo alikuwa anaimba.

Ézéchiel alikuwa mtu mnene, mwenye subira ya kutisha. Hakufungua boneti, hakupiga magurudumu mateke. Alichukua karatoni kubwa, akaisukuma chini ya lori, kisha akamwalika Fabrice wakale ugali na samaki. Walikula kwa utulivu. Waliporudi, katikati ya karatoni palikuwa na duara jeusi la kiasi cha sahani. Ézéchiel akagusa, akanusa.

"Mazutu."

"Ni ya barabara, papa."

"Barabara haikulala juu ya karatoni yangu, Fabrice. Uilete siku iko kavu. Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi, kisha nanunua kwa mwingine."

Kando ya barabara Fabrice alifungua boneti na kutazama bolti zake mbili. Zilikuwa zimekazwa, safi, hazina kosa. Basi palikuwa na mvujo mwingine, mvujo usio wake, uliokuwamo tangu mwanzo. Alichukia sana, kama mwizi anayeingia nyumbani kwa watu na kukuta mwizi mwenzake amekwisha kaa mezani.

Akaanza kuusaka. Wiki ya kwanza alibadilisha pete zote za shaba kwenye mabomba ya mafuta, moja moja, kwa gharama yake. Lori likavuja. Wiki ya pili alibadilisha mipira ya juu ya injekta na mpira wa chujio. Lori likavuja, bila haraka, kama linalomdharau. Shati jeupe alilivua siku ya nne na halikurudi kuwa jeupe. Aliosha injini kwa sabuni mpaka ikaonyesha rangi ambayo hakuna aliyeikumbuka, akaikausha, kisha akanunua unga wa muhogo kwa jirani yake Nadège na kuipaka injini nzima, kwa sababu mahali panapovuja unga ungelowa na kujitangaza.

"Leo unakaanga moteri?" aliuliza Nadège kutoka kwenye meza yake.

"Niko natafuta adui."

"Umuulize mwenye gari alimwacha wapi."

Fabrice akapangusa unga mikononi. Aliwasha injini, akaitazama kwa muda mrefu. Unga ukabaki mweupe. Kwenye kila bolti, kila bomba, kila kiungo, mweupe. Na chini ya lori, tone likaanguka.

Sasa ikawa si suala la Ézéchiel tena. Siku tatu alilala chali chini ya lori, shavu kwenye vumbi, akitazama juu kama mtu anayengoja kutokewa. Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, aliliona tone likizaliwa. Halikutoka kwenye bomba lolote la mafuta. Lilitoka kwenye bomba la kupumulia la injini, lile ambalo kazi yake ni kutoa moshi na basi.

Ndipo maneno ya Étienne yalipomfikia, karibu mwezi mzima baada ya kusemwa. Haili oili. Hajaongeza hata kopo moja. Fabrice akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imepita alama kwa vidole vitatu. Injini ya umri ule inakunywa oili. Hii ilikuwa inaongezewa na kitu. Alidondosha tone juu ya kipande cha gazeti. Katikati likabaki jeusi, na pembeni ukatambaa mduara mwepesi, wa rangi ya chai, ukinuka mazutu.

Mafuta ya dizeli yalikuwa yanavuja ndani. Yalikuwa yanaingia kwenye oili, na injini ikishiba ilikuwa inatapika kidogo barabarani. Mafundi wanne, na yeye wa tano, walikuwa wanafuta matapishi.

Aliifungua pompi ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini, ile iliyobandikwa ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna ngozi ya mpira, nyembamba kama sikio la mbuzi. Ilikuwa imepasuka, ufa usiozidi punje ya mchele. Fabrice alikaa chini akaushika mpira ule kwenye mwanga, akacheka peke yake. Palikuwa na furaha kifuani ambayo hakuijua tena jina. Alitaka kumwambia mtu. Alimwambia Nadège, ambaye hakuelewa kitu lakini alifurahi naye.

Mpira mpya, oili mpya, safari ya Komanda. Karatoni ya Ézéchiel ilibaki kavu tangu chakula mpaka chai. "Uniletee karatasi za lori," alisema Ézéchiel. "Nanunua."

Siku ya mwisho ya mwezi Fabrice aliliingiza lori kwenye ua wa Mama Scholastique. Alikuwa amefanya mazoezi ya uso wa huzuni njia nzima. Étienne akaomba ufunguo alisogeze kivulini, na Fabrice akampa.

"Mugonjwa anaendelea aje?" aliuliza mama.

"Vibaya, mama. Lakini nimemuzoea. Niko tayari kukuondolea, bei ileile ya vyuma."

"Ilifika Komanda?"

"Kwa mateso."

Étienne akatoka chini ya lori, akaonyesha kiganja chake mbele na nyuma. "Kavu," alisema.

Mama Scholastique akachomoa karatasi kiunoni. "Basi siuzi."

"Mama, tulipatana."

"Tulipatana ikikupendeza. Weye mwenyewe unasema iko vibaya. Hapa umeandika haiwezi kupona. Kama imepona, uliniandikia uongo, na sahihi ni yako. Kama haijapona, unainunua sababu ya nini?"

Fabrice aliitazama sahihi yake yenye mikunjo mitatu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, aliiona ndefu mno.

"Nimetia mali yangu humo," alisema kwa sauti ndogo. "Pete, mipira, oili. Nimelala chini ya hii gari."

"Najua. Watu walikuona. Na matengenezo ni yako, bila madai, umeiandika muzuri sana." Akaendelea kwa upole. "Mwana yangu, niliona kile kifunguo ndani ya leso. Siku ileile."

"Uliniona, na ukanipa lori?"

"Karte roze yake, ile karatasi ya mwenye gari, iko chini ya godoro langu, ungeipeleka wapi? Mafundi wane walitafuta kama watu wa kulipwa kwa siku. Nilihitaji mutu atafute kama mwenye mali."

Fabrice akatazama mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Akamtazama Étienne, aliyekuwa amesimama kando ya lori kama mtu aliyerudishiwa ndugu. Hapakuwa na la kufanya ila kuondoka kwa heshima iliyobaki, na kutafuta uongo wa kumwambia Ézéchiel. Akageuka. Alikuwa amefika kwenye lango Mama Scholastique aliposema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na maharagwe yake:

"Shemeji yangu wa Marabo, Adolphe, naye ana lori. Inapoteza mazutu kila safari, na chini iko kavu. Mafundi sita."

Fabrice hakusimama. Alipiga hatua mbili nje ya lango. Kisha hatua zikapungua, akarudi, akachungulia.

"Kavu kabisa?"

"Kabisa."

"Na oili, inaongezeka?"

"Haiongezeke," alisema Étienne.

Mama Scholastique alisogea pembeni juu ya gunia, na Fabrice, baada ya kusitasita kidogo, akaenda kukaa.