Bwana Nzuri Tu na Ukuta wa Ghorofa ya Saba

Hirsi ndiye aliyeileta ile karatasi. Aliingia akiipepea, mvua ikimchuruzika kwenye koti, na hata salamu hakutoa.

"Jameni, nani anajua hii sura?"

Kabla sijafika mbali, nikuoneshe tulipo. Kijiwe chetu hakina baraza. Ni benchi moja refu ndani ya duka la mashine za kufulia la Chhotubhai, hapa Ladywood, mjini Birmingham, chini ya maghorofa. Tunakaa hapo kwa sababu mashine za kukaushia zinatoa joto, na joto majumbani mwetu ni anasa. Chhotubhai ni Mhindi mzaliwa wa Jinja. Kiswahili chake ni cha sokoni, kahawa yake ina tangawizi, na hutuvumilia almradi kila mmoja aje na japo soksi mbili za kufua. Mimi wananiita Redio Mbao. Jina hilo silipendi, lakini silikatai, maana kila nilichotangaza kimekuja kuwa kweli, vingine kwa kuchelewa tu.

Karatasi yenyewe ilikuwa lile jarida la wapangaji ambalo kaunsili, halmashauri yenye nyumba zetu, hutusukumia chini ya milango. Ukurasa wa mbele kulikuwa na picha ya mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya viua, anacheka meno yote nje. Pembeni yake mkewe kashika sahani ya sambusa. Chini yao wameandika kwa herufi kubwa za Kiingereza: wapangaji wetu wameridhika.

Sote tukageuka kumtazama Mbarouk, aliyekaa mwisho wa benchi na furushi la nguo mbichi mapajani.

"Si wewe huyu?" Hirsi akamuuliza.

Mbarouk akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa kituo. "Ndiye mimi. Kofia imetoka vizuri."

"Kofia! Mzee, tangu mvua zianze uko hapa unatulilia! Ati ukuta wa chumba cha mtoto umeota ukungu, ati nguo hazikauki, ati rangi inabanduka. Leo uko kwa front page unachekea kanjo, hawa hawa wa kaunsili!"

Hirsi ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi. Alipitia Uholanzi kabla ya kutua Birmingham, na sasa anaendesha teksi. Tunamwita Uholanzi, kwa sababu kwake hakuna kitu duniani ambacho Uholanzi hawakifanyi vizuri zaidi.

"Kule Uholanzi," akaanza.

"Tunajua," tukamjibu kwa pamoja.

"Non, non, mumuache aseme," akaingilia Zihindula. Huyu ni mtu wa Bukavu. Alisoma sheria mwaka mmoja, vita vikamkatiza, na tangu hapo tunamwita Avoka, yaani wakili. "Hii maneno ni grave, ni nzito. Muzee, ile foto ni preuve. Ni ushahidi. Ukienda kulalamika, batakuonesha ile foto, batasema: huyu mutu anacheka, ukuta iko wapi?"

Mbarouk akakunja karatasi kwa adabu, akamrudishia mwenyewe.

"Sasa ndugu zangu, mtu kaja kwangu na kamera, kaniambia nicheke. Nilie?"

Hapo ndipo kisa chote kilipotoka, na mimi nakileta kama nilivyokipata, bila chumvi, au kwa chumvi ya kawaida tu.

Mbarouk anakaa ghorofa ya saba na mkewe Bi Mize, binti yao Maisara, na mjukuu wao Haidari. Wamelalamika, wamepiga simu, na hatimaye kaunsili wakamtuma inspekta aje autazame ukuta. Taarifa zilipofika kwamba kuna mgeni, Bi Mize akafanya linalofanywa na kila mwanamke wa Unguja aliyelelewa. Aliusugua ukuta ule kwa dawa ya madoa mpaka ukang'aa. Palipobaki baka akatundika pazia la maua. Akafukiza udi nyumba nzima, harufu ya ukungu ikakimbia yenyewe. Akapika sambusa, katlesi na chai ya maziwa yenye hiliki.

Inspekta akaingia, akavuta pumzi, akasema hajawahi kuingia nyumba inayonukia namna ile. Akala. Akauliza kama kuna tatizo. Mbarouk akamjibu: "Nzuri tu, alhamdulillah. No problem." Inspekta akaandika hakuna kasoro.

Safari ya pili alirudi na mpiga picha, kwa sababu alishawahadithia wenzake ofisini. Sambusa zikaongezwa.

"Na leo saa tisa anakuja mara ya tatu," Mbarouk akasema. "Maisara ndiye kamwita, kapiga simu akiwa na hasira. Wamesema ikiwa na leo haoni kitu, basi, jalada linafungwa."

"Wallahi mmejimaliza wenyewe," Hirsi akasema. "Nyinyi watu wa pwani mna adabu mingi mpaka inawaua. Si ungemwonyesha ukuta?"

"Bwana wee, mtu mvua imempiga, lifti mbovu tangu Idi, kapanda ngazi ghorofa saba, hajakaa hata kitako, nimvurumishie matatizo? Mgeni huulizwa habari zake kwanza. Shida husubiri chai."

"Na akishamaliza chai?"

"Anaaga."

"Unaona!" Hirsi akapiga benchi. "Huyo mtu wa kanjo, salamu ikiisha na maongezi yameisha. Ukisema nzuri, anaandika nzuri. Hangoji ile 'lakini' yako."

Chhotubhai alikuwa anapanga sabuni, akageuka. "Bwana Nzuri Tu! Hilo jina lako kuanzia leo."

Jina likashika palepale. Mbarouk mwenyewe akacheka, maskini, maana hajui kukasirika.

Ndipo Avoka akatoa hoja kwamba mteja wake hawezi kufika mbele ya inspekta bila mazoezi. Benchi likasogezwa. Hirsi akachukua kifuniko cha boksi la sabuni, akakibana kwapani kama jalada, akatoka nje kwenye mvua na kugonga mlango.

"Good afternoon, Mr Mbarouk. How are you?"

"Nzuri tu, alhamdulillah," Mbarouk akajibu, na mkono keshaunyosha. "Wewe hujambo? Nyumbani hawajambo? Pole na mvua."

"Kwisha!" Hirsi akatupa kifuniko chini. "Kesi imeanguka!"

"Muzee," Avoka akamshika bega, "ile 'nzuri' ni aveu. Ndiyo kusema umekubali makosa mbele ya juge. Useme: mubaya. Rudia: mubaya."

"Mbaya," Mbarouk akanong'ona, akatazama juu kana kwamba anaomba msamaha.

Hirsi akatoka tena, akagonga tena. "How are you, Mr Mbarouk?"

"Mbaya... kidogo. Lakini tunashukuru."

"Unashukuru nini, buda?"

"Wako walio hapa mjini hawana hata huo ukuta."

Nilitamani kumtikisa. Ndivyo tulivyo wengi wetu hapa, na mimi nimo. Tumefundishwa kwamba kusema shida yako mlangoni ni kumvulia mgeni nguo. Halafu tunashangaa kwa nini lifti zetu hazitengenezwi.

Jaribio la tatu halikufika popote pia. Mbarouk alimkaribisha inspekta wa bandia chai, na inspekta wa bandia akaikubali kwa sababu alikuwa na baridi kweli.

Chhotubhai ndiye aliyeacha sabuni zake, akaja kukaa karibu naye. "Mbarouk, sahau inspekta. Niambie mimi. Yule mtoto, Haidari, namna gani?"

Mbarouk akalitazama furushi lake. Ndani yake zilikuwa nguo za mtoto tupu.

"Haidari halali," akasema. "Kifua kinapiga filimbi. Mama yake humpakata usiku kucha kamkalisha wima, kukicha anakwenda kazini. Daktari kasema mtoto atolewe chumba kile, na sisi chumba kingine hatuna, mimi na Mize tunalala sebuleni. Juzi alikohoa mpaka akawa hana sauti ya kulia. Nikasema, ya Rabbi, nichukulie pumzi zangu umpe yeye."

Mimi nilijifanya natafuta soksi yangu kwenye mashine, kwa sababu macho yalikuwa yameshaniingia maji, na mtangazaji halii hewani.

"Sema hivyo hivyo," Hirsi akasema taratibu. "Usiongeze, usipunguze."

"Nikishasema ndiyo nimkaribishe chai?"

"Chai hakuna!"

Mlango ukafunguka. Aliingia Bi Mize, buibui limelowa, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko, vidole vimejikunja kwa maji ya sabuni.

"Asalaam alaykum. Mnafanya nini na hilo boksi?"

"Tunamfundisha mzee, shemeji," nikamjibu. "Inspekta akija saa tisa..."

"Inspekta keshakuja, keshaondoka. Mtu wa kabla yetu hakumkuta nyumbani, basi akapita kwetu mapema."

Hirsi alishika kichwa. Avoka alikaa chini. Mbarouk alisimama, furushi likamwanguka.

"Mize. Umesafisha?"

"Nimesafisha. Mgeni anakuja, nisisafishe?"

"Umefukiza?"

"Nimefukiza."

"Umempikia?" akauliza Hirsi, sauti imekwisha.

"Kababu. Sambusa keshazizoea."

"Mon Dieu," Avoka akasema. "Dosie imefungwa."

Bi Mize akavua ushungi wa nje, akaukung'uta taratibu, akaukunja. Mwanamke huyu hapendi kuharakishwa.

"Nyinyi wanaume mmekaa hapa mnafundishana kusema nzuri na mbaya. Mmesahau mliyofundwa kwenu. Mgeni siku mbili. Ya tatu je?"

"Mpe jembe," nikasema, na nywele zikanisimama.

"Basi. Alipogonga nikamwambia Maisara, leo kaomba ruhusa kazini, anitafsirie. Nikamwambia: baba, karibu, lakini leo ni mara yako ya tatu. Kwetu sie mgeni akifika siku ya tatu si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hushika kazi. Huku ghorofani shamba hatuna. Nikampa ndoo na kitambaa. Nikalishusha lile pazia. Nikamwambia, mimi huufuta ukuta huu kila asubuhi na kila jioni, leo tuufute pamoja."

"Akafuta?" Chhotubhai akauliza.

"Kwanza alicheka, akadhani mzaha. Nikaiinamia ndoo mimi mwenyewe, naye akaona haya, akavua koti. Akafuta. Anafuta huku, maji yanatoka kule. Akabonyeza kidogo tu, kipande cha plasta hicho kikamwangukia mkononi, na ndani cheusi tititi. Shati lake jeupe likawa la mkaa. Kutahamaki, anakohoa. Na Haidari chumbani anakohoa. Wakawa wanajibizana."

"Akasemaje?"

"Aliuliza mtoto analala wapi. Nikamwonesha kitanda. Akakaa pale kitandani, ndoo miguuni. Kisha akasema kwa nini hatukumwonesha siku ya kwanza. Nikamwambia siku ya kwanza ulikuwa mgeni." Bi Mize akajifuta uso kwa upande wa kiganja. "Akapiga simu palepale. Mafundi wanakuja kesho asubuhi, ukuta wote unabomolewa mpaka kwenye matofali. Maisara na mtoto watalala kwa jirani yetu Hamdi mpaka kazi iishe."

Kelele tulizopiga zilimfanya mama mmoja aliyekuwa anangoja shuka zake ahame kiti. Hirsi alimkumbatia Avoka. Mbarouk aliinama kuliokota furushi la nguo za mtoto, akalikumbatia kifuani huku anamtazama mkewe.

"Na kababu?" Hirsi akakumbuka. "Ulimnyima?"

"Nimnyime kwa nini? Amekula baada ya kazi, kama watu wote." Kisha akatupitishia macho sote, mmoja mmoja. "Chumba kinatakiwa kiwe kitupu. Kuna kabati la mninga, kuna kitanda. Chhotubhai atatupa pa kuweka stoo."

Ghafla Hirsi akakumbuka abiria. Avoka akakumbuka miadi. Mimi nikaikumbuka ile soksi.

"Kababu zangu mmeanza kula lini nyie?" Bi Mize akauliza, akiushika mlango wazi. "Siku ya tatu yenu ilipita zamani."

Tukaenda. Kabati lile lilitengenezwa Darajani, Unguja, na mtu aliyekuwa na ugomvi na wabebaji. Tulilishusha ngazini Mbarouk mbele, Hirsi na Avoka katikati, mimi nyuma, kila mmoja akimtukana aliyeiharibu lifti. Tulipofika ghorofa ya tatu likakwama kwenye kona, halipandi halishuki.

Hapo tukasikia mtu anapanda kutoka chini. Kwa upenyo nilimwona msichana wa kaunsili, kitambulisho shingoni, kalamu mkononi, anahema. Anakusanya maoni ya toleo lijalo la jarida. Akamsalimia Mbarouk kwa heshima, akamuuliza, je, wanaionaje huduma ya lifti humu?

"Mbarouk!" Hirsi akapiga kelele kutoka nyuma ya kabati. "Mbarouk, kumbuka mazoezi!"

"Nzuri tu, alhamdulillah," tukamsikia anajibu, pumzi zimemkatika. "No problem, thank you. Pole na ngazi."

Msichana akaandika, akashukuru, akageuka. Tulimwita kwa Kiingereza, kwa Kisomali na kwa Kifaransa, lakini kabati lilikuwa limeziba ngazi nzima, na viatu vyake vilishafika chini.

"Baba Maisara!" sauti ya Bi Mize ikashuka kutoka juu. "Umemwambia nini yule?"

"Sikumwambia kitu, mke wangu," Mbarouk akajibu. "Kanisalimia tu."