Ukuta wa Kuzuia Kabati la Wifi

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya tatu ya ndoa. Laazizi wangu ametoka kwenda kazini, akarudi tena kutoka mlangoni kuniaga. Ni kweli alikuwa amesahau funguo, lakini hilo si hoja. Aliniaga.

Furaha yangu imeingia doa moja tu. Wifi, dada yake mkubwa, kapiga simu. Jumamosi anatuletea zawadi ya harusi iliyochelewa: lile kabati lake la vioo. Nalijua. Jeusi, refu kama mlango, limejaa paka wa kauri. Laazizi akasema kwa upole wake kwamba dada analipenda kabati lile kama mtoto, na kulikataa ni kumvunja moyo. Litakaa wapi? Sebuleni, kwenye shubaka kubwa, pale ukuta unapoingia ndani kama mtu aliyevuta tumbo. Palepale nilipopanga kuweka picha yetu ya harusi!

Kabla ya kulala nimepata dawa. Kukataa zawadi ni utovu wa adabu. Lakini nafasi isipokuwepo, alaumiwe nani? Nitajenga ukuta wa mbao kukatiza shubaka, wenye rafu ndani yake. Kabati likifika litakuta pameshaposwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia Laazizi kwamba nataka kutujengea mahali pa picha yetu. Sikudanganya. Nimeacha tu kumalizia. Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema nikishika futi ya kupimia napendeza kama mpiga kinanda. Nani mwingine duniani ana mume wa namna hii?

Nikaenda kwa seremala wa kona, tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu ndiyo siku yake ya kumaliza kila kazi. Nikataka mbao, plaiwudi na misumari. Akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema mimi. Akauliza tena, labda hakusikia vizuri. Akasema shemeji, niachie, nitakuja kukujengea. Nikauliza lini. Unajua alivyojibu.

Jumatano, 5 Juni

Nimepima toka sakafu hadi dari. Nikaipigilia fremu ikiwa imelala sakafuni, kimo kilekile cha dari, bila kuzidi wala kupungua. Nzuri! Nimeizunguka kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala.

Kuiinua sasa. Ikainuka vizuri mpaka karibu isimame, kisha pembe yake ikagota dari na kugoma. Nikapima fremu: sawa. Nikapima chumba: sawa. Vyote viwili sawa, na bado havielewani. Kama mimi na wifi.

Fundi Kesho alikuwa anapita. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango ili asianguke. Akasema kitu kinachoinuliwa kutoka sakafuni, pembe yake hupita juu zaidi ya urefu wake, ningeacha upenyo kidogo juu. Nikamwambia asante, nilikuwa naelekea hukohuko.

Alipoondoka nikakata shibiri nzima, nisije nikabahatisha. Fremu ikasimama mara moja. Ikaanza pia kuyumba, kwa sababu sasa haigusi dari kabisa. Nikajaza pengo lile kwa kadi za mwaliko wa harusi zilizobaki, nikazishindilia kwa nyundo. Ukuta wetu umeshikiliwa na harusi yetu! Laazizi aliporudi nilimwonyesha, macho yakamlegea.

Alhamisi, 6 Juni

Plaiwudi imepigiliwa, rafu zimekaa. Jioni Laazizi alitaka kuzima taa niliyoiwasha wakati wa kazi, tule kwa mshumaa. Akapapasa ukutani. Akapapasa tena. Swichi ya sebule iko ndani ya shubaka, nyuma ya rafu ya tatu, na imefunikwa kabisa.

Hakunena neno baya. Alivaa soksi mkononi, akapanda kiti, akaifungua balbu ingali moto. Tukala kwa mshumaa. Akasema hakuna mwanamke mwingine angemfanyia hivi. Nikalia kidogo kwa furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepaka rangi ya maziwa. Picha yetu iko rafu ya kati, peke yake, kama mfalme na malkia. Kabati halitapata hata nafasi ya kisanduku cha pete.

Laazizi ameanza kuhangaika. Ameuliza mara nyingi tutamwambiaje dada. Akasema dada ndiye aliyemlea, na hajawahi kumwambia hapana. Chakula chake nusu kimerudi jikoni. Nikamwambia aniachie mimi. Nimefanya mazoezi ya uso wa masikitiko mbele ya kioo.

Jumamosi, 8 Juni

Wifi kafika. Bila kabati.

Lilianguka jana kwenye ngazi wakati wa kulishusha, halikubaki hata kioo kimoja. Paka wamepona, kwa kuwa alikuwa ameshawafunga kwenye mablanketi. Alisimama mlangoni na maboksi yake matatu, macho yamevimba. Akasema usiku kucha alikuwa anajiuliza wanawe hawa atawaweka wapi.

Kisha akaziona rafu.

Akaziba mdomo kwa kitenge. Akauliza, wifi yangu, hivi wewe ulijenga hizi kwa ajili ya paka wangu? Nikamtazama Laazizi. Alikuwa ananiangalia kama siku ile ya harusi, na rangi imemrudi usoni. Ningefanyaje? Nikasema, ndiyo, wifi.

Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Akaniita mdogo wangu, si wifi tena. Kisha tukapanga paka. Rafu zote. Picha yetu imesogezwa nyuma ya paka mnene mwenye kofia, zinaonekana nywele za Laazizi na hereni yangu moja. Wifi amesema atakuwa anakuja kila Jumamosi kuwafuta vumbi.

Jumapili, 9 Juni

Laazizi ameniletea chai kitandani. Amesema hakujua kama alioa malaika. Sikumkatiza.

Nimekaa sebuleni asubuhi nzima. Natazama paka, paka wananitazama. Hapo ndipo wazo likanijia. Paka wanahitaji kukingwa na vumbi, maskini. Nikijenga ukuta wa pili mbele ya huu, wenye milango ya kufunga, watakaa salama gizani, na mbele yake nitundike picha yetu. Wifi mwenyewe atanishukuru!

Mbao zimebaki. Fremu nitaipigilia sakafuni, ndivyo inavyokuwa rahisi. Kimo kilekile cha dari, bila kuzidi wala kupungua. Safari hii haitagoma, maana nimepima vizuri zaidi.